Kabla ya dripu ya kwanza ya kemo, uvimbe umepimwa nini?

Mtu akigundulika na saratani ya tumbo, ndugu huuliza kwanza: hatua ya ngapi? Hawakosei, maana hatua ya ugonjwa bado inatabiri mengi. Ila wagonjwa wawili wa hatua moja, wanaotumia dawa zilezile, mmoja uvimbe wake husinyaa na mwingine huambulia kutapika tu. Mara nyingi tofauti hiyo imo ndani ya seli za uvimbe, na baadhi yake inapimika. Ndiyo maana naona kuanza kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, bila vipimo hivyo, pale vinapopatikana, ni kubahatisha na mwili wa mtu.

Kinachopuuzwa zaidi ni MSI, yaani hali ya vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia kuyumba kwa makosa. Seli zina protini za kusahihisha makosa DNA inaponakiliwa. Katika baadhi ya saratani za tumbo protini hizo hazifanyi kazi, makosa yanarundikana, na kwa namna ya ajabu wagonjwa hao huishi muda mrefu zaidi baada ya upasuaji. Uchambuzi wa mwaka 2019 uliounganisha majaribio manne ulikuta asilimia 77.5 wakiwa hai baada ya miaka mitano, dhidi ya 59.3 kwa wengine. Miaka miwili kabla, uchambuzi wa jaribio la Uingereza la MAGIC ulikuwa umeonyesha jambo la kukera: wenye MSI waliofanyiwa upasuaji peke yake walifanya vizuri kuliko waliopewa na kemo. Wagonjwa hao walikuwa wachache, na mchanganyiko wa dawa za kemo uitwao FLOT ulikuja baadaye, kwa hiyo sisemi wote wanyimwe kemo. Nasema daktari awe na jibu hilo mezani kabla ya kuamua, hasa kwa kuwa uvimbe wenye makosa mengi hivyo hutambulika kirahisi na kinga ya mwili, na dawa za kuamsha kinga huufanyia kazi vizuri.

HER2, protini inayochochea seli kukua, inajulikana zaidi. Jaribio la ToGA la mwaka 2010 lilionyesha kwamba kuongeza trastuzumab, dawa inayoilenga HER2, kwenye kemo, kwa wenye protini hiyo kwa wingi na ugonjwa uliosambaa, kulisogeza wastani wa kuishi kutoka miezi 11.1 hadi 13.8. Si mingi, lakini muulize anayeihesabu. Shida ni kwamba HER2 ya tumboni ina madoadoa: kona hii ya uvimbe inayo, ya jirani haina. Hata seli yenyewe, ukiitazama kwa darubini, rangi ya kuonyesha HER2 hushika pembeni na chini, juu kukabaki wazi kama herufi U. Mtaalamu wa patholojia aliyezoea kusoma saratani ya matiti anaweza kuiona hafifu akaipita. Kwa kinyama kilichochukuliwa kwa endoskopi, yaani mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni, kundi la seli tano tu zilizoshika rangi sawasawa linatosha kuhesabika, ndiyo maana inashauriwa vichukuliwe vipande sita hadi vinane. Kinyama kimoja kikitoa jibu la "hamna", mimi singelala usingizi.

PD-L1 na Claudin 18.2, nazo ni protini za kwenye seli, zimeingia kwenye orodha miaka ya karibuni, kila moja na dawa yake. ERCC1, protini ya kukarabati DNA, imetafitiwa miaka nenda rudi kama kitabiri cha kemo kufanya kazi, na bado haijawa kipimo cha kumwamulia mgonjwa dawa. CEA na CA 19-9, viashiria vya saratani vya kwenye damu, watu wanazipenda kwa sababu ni rahisi kupima, lakini mara nyingi majibu yake hutoka ya kawaida hata uvimbe ukiwepo, na hazichagui dawa.

Kingine hakihusu uvimbe, kinamhusu mwenye mwili. Fluorourasili na kapesitabini, dawa za kemo, huvunjwavunjwa na kimeng'enya kiitwacho DPD, na wapo waliozaliwa nacho kidogo mno. Kwao dozi ya kawaida ni sumu: vidonda mdomoni, kuhara kusikokoma, chembe nyeupe za damu kuporomoka, hata kifo. Tangu 2020 mamlaka ya dawa ya Ulaya inapendekeza kipimo cha DPD kifanywe kabla ya dozi ya kwanza. Kinatumia damu tu, hakihitaji endoskopi wala kisu.