Halima wa Kwihara siyo uongo

Jumapili mtoto wa kaka yangu kaja nyumbani, daftari kalikunja kalichomeka mfukoni mwa sketi, kakaa jikoni hasemi. Mi nilikuwa nakaanga maandazi. Namjua yule mtoto, akinyamaza kuna jambo. Nikamwambia lete hilo daftari.

Yuko kidato cha pili hapa hapa Tabora, shule sitaitaja. Walipewa kazi waandike insha kuhusu mtu wa zamani aliyeishi au kupita mkoa wetu. Wenzie wakaandika Mirambo, wengine Livingstone na Stanley, yeye kaandika Halima, mpishi wa Livingstone. Kurasa tatu na nusu, tena kaandika kama vile Halima mwenyewe ndiye anayesimulia, anaamka kabla ya jogoo, anapuliza moto, kuni mbichi, moshi unamwingia machoni. Chini yake kalamu nyekundu: "Huu ni uongo. Misafara ilikuwa kazi ya wanaume. Andika historia." Nne kwa ishirini.

Nikazima jiko. Maandazi yaliyobaki sikuyakaanga tena.

Halima alikuwepo jamani. Yumo kwenye shajara ya Livingstone mwenyewe, mwaka 1872, pale Kwihara, ukitoka hapa mjini na bodaboda hata wimbo wa tatu haujaisha umefika. Stanley kashaondoka Machi, mzee kabaki anasubiri wapagazi watoke pwani, anasubiri mpaka Agosti. Anayempikia muda wote huo ni Halima, mke wa Amoda, mmoja wa watu wa msafara wake. Siku moja kagombana na mwanamke mwenzie, Ntaoeka, kafungasha kaondoka zake. Livingstone kaenda kwa Sultan bin Ali, Mwarabu mmoja wa huko, katuma barua imfuate. Halima karudi mwenyewe lakini hakuingia. Kasimama nje. Alichotaka ni mzee atoke aje amwambie ingia, na mzee akatoka kweli, akamwambia ingia, usigombane tena. Halafu akakaa akaandika kwamba tangu ampate huyu mwanamke hajawahi kumkemea hata mara moja, haibi, wala yeye hamruhusu mumewe aibe. Akampa nguo nzito ya baridi. Akaahidi kwamba wakifika Zanzibar atamwacha huru, atamnunulia nyumba na bustani.

Anayeishi Tabora anaijua baridi ya kipupwe, asubuhi hata maji ya kunawa unayaogopa. Hiyo nguo mi naiona kabisa.

Livingstone hakufika Zanzibar akiwa hai. Alifia kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, tarehe 1 Mei 1873, watu wake wakauzika moyo wake pale, mwili wakaukausha, wakaufunga, wakaubeba. Oktoba wakafika hapa Unyanyembe, yaani Tabora hii hii, wakakutana na Mwingereza Cameron na wenzake waliokuwa wametumwa kumtafuta mzee, Cameron akawashauri wauzike hapa hapa, yaishe. Wakakataa. Mbele kidogo, Kasekera, wenyeji wakagoma maiti isipite kwao, wakatengeneza maiti ya uongo wakairudisha nyuma, ile ya kweli wakaifunga upya kama mtumba wa nguo, wakapita nayo mpaka Bagamoyo, Februari 1874. Tangu Chitambo ni miezi tisa, na Halima na Ntaoeka walikuwemo safarini humo. Kwa hiyo huyo aliyeandika kwa kalamu nyekundu kwamba misafara ilikuwa kazi ya wanaume, anadhani wale wanaume walikula nini?

Baadae Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, walipelekwa Uingereza wakaulizwa maswali, wakasikilizwa. Jacob Wainwright, mwenzao msafarani aliyesomeshwa na wamisionari, aliandika shajara yake. Halima hajaacha hata herufi moja. Tulichonacho ni mistari michache ya mkono wa mwanaume aliyekuwa na uwezo wa kumuuza au kumwacha huru. Na hapa lazima nikubali, ingawa inaniuma, bila mzungu huyo hata hiyo mistari tusingekuwa nayo.

Sasa mtu afanye nini na mistari michache?

Petina Gappah aliandika riwaya. Ni Mzimbabwe, mwanasheria, kafanya kazi za sheria ya biashara ya kimataifa Geneva, wala hakuanza na mambo ya misafara. Alianza na hadithi fupi za Zimbabwe ya siku zetu, kitabu kikatoka 2009, halafu 2015 riwaya ya mwanamke aliyehukumiwa kunyongwa, yuko gerezani anaandika maisha yake mwenyewe. Ndipo 2019 ikatoka Out of Darkness, Shining Light, ambayo ni safari hii hii ya kuubeba mwili. Na sehemu ya kwanza anasimulia nani? Halima. Wainwright na usomi wake anakuja nyuma yake. Ukiiangalia njia aliyopita huyu dada unaona kitu kimoja, kila akipiga hatua anarudi kwa mwanamke ambaye watu wengine wamekaa kikao wakaamua maisha yake bila kumuuliza, iwe mahakamani iwe msafarani, anamvutia kiti anamwambia haya sema.

Mimi nimekisoma kwa Kiingereza, polepole, jioni jioni. Halima wake ni muongeaji, anamsema huyu anamsema yule, anajua nani anamtaka nani, ulimi wake mkali kama wembe. Nilikuwa nasoma namuona kabisa mama mmoja wa sokoni ninayenunua kwake dagaa. Ni mtu. Haulizwi alikuwa mwaminifu au hakuwa, anaishi tu, anachoka, anakasirika.

Najua mwenye kalamu nyekundu atasema kwamba hayo maneno Halima hakuyasema, Gappah kayatunga. Ndiyo, kayatunga. Kwenye jalada imeandikwa ni riwaya, hakumdanganya mtu. Nakubali pia kwamba msomaji mvivu anaweza kuchanganya kilichoandikwa kwenye shajara na kilichobuniwa, na mwanafunzi afundishwe kutenganisha. Mfundishe basi! Mwambie hapa panatoka kwenye shajara, hapa umebuni wewe, na pale ulipobuni mbona baridi hujaiweka wakati ilikuwa kipupwe. Hiyo ndiyo kazi ya mwalimu. Huwezi kuchukua kitu kilichotokea kweli ukakiita uongo kwa sababu tu kimeandikwa kwa sauti ya mpishi. Na wewe uliyeandika kwamba misafara ilikuwa ya wanaume watupu, wewe ndiye uliyebuni, tena bila kusoma.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa anasema mama yake alizaliwa njiani. Siyo kwamba alizaliwa Tabora au pwani, njiani, msafara unashuka pwani, huko Ugogo mahali. Baba mtu pagazi, mama mtu yuko nyuma yake na vyungu, unga na mkeka. Wanyamwezi walikuwa wanasafiri hivyo, wengi walikwenda na wake zao na watoto, mwanamke ndiye anayetwanga mkifika kambini, ndiye anayetafuta maji mahali asipopajua. Bibi akisimulia alikuwa lazima asimame. Anachukua kanga, anaisokota, anaizungusha, inakuwa ngata, ananiwekea kichwani, juu yake anaweka chungu cha maji, haya tembea mpaka mwembeni. Nilikuwa na miaka nane. Shingo inawaka moto, maji yananichuruzika mgongoni, na bibi anakuja nyuma yangu ananiambia, sasa weka na mtoto mgongoni, halafu tembea miezi mitatu.

Bibi alifariki 1998. Sikuandika kitu. Jina la huyo mama aliyezalia njiani sikuuliza, na waliokuwa wanalijua wameisha wote. Hili linanikosesha usingizi, nalisema wazi, na ndiyo maana lile daftari limenichoma namna hii.

Maryse Condé, mwandishi wa Guadeloupe, kule Karibiani, aliyefariki 2024, alifanya kama Gappah. Kamchukua Tituba, mtumwa aliyeshtakiwa uchawi kule Salem, Marekani, mwaka 1692, na baadae, 2006, akaandika kitabu kizima kuhusu bibi yake mzaa mama, Victoire, ambaye hakuwahi kumuona, mwanamke asiyejua kusoma, kazi yake kuwapikia wazungu. Mpishi tena, kama Halima. Huyo bibi hakuacha karatasi, kaacha mapishi na watu wachache waliomkumbuka, na mjukuu akaona hicho kinatosha kuanzia.

Hapa kwetu vya kuanzia vimejaa. Mtemi Isike alipojilipua Januari 1893 Wajerumani walimweka mwanamke, Nyaso, kwenye kiti cha Unyanyembe. Mwanamke, kwenye kiti ambacho damu ya mtangulizi wake haijakauka, amewekwa na waliomshinda ndugu yake, watu wanamtazama. Alilala vipi usiku wa kwanza? Alimwamini nani? Mi riwaya yake sijawahi kuishika mkononi, na ningeitaka kwa Kiswahili, maana nina uhakika yule mama wa dagaa angeisoma.

Mwalimu aliyesahihisha sina vita naye. Najua darasa limejaa, madaftari ni mlima, silabasi inakimbizana na mtihani, na Halima hatoki kwenye mtihani. Lakini mtoto wa miaka kumi na nne akiketi mwenyewe, bila kusukumwa, akamwaza mwanamke aliyepita njia ile ile anayopita yeye kwenda shule, ukampa nne, mwakani hataandika tena. Nimeshaona watoto wa hivyo, wanakuwa watu wazima wanakwambia mi historia ilinishinda.

Jumamosi tulienda naye Kwihara. Tukasimama kwenye ule mlango mkubwa wa kuchonga wa tembe ya Livingstone, nikamsomea ile sehemu ya shajara, nikitafsiri. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Shangazi, rudia pale aliposimama nje." Nikarudia. Akaenda akakaa chini ya mti na daftari jipya, hakutaka niangalie. Jioni akanionyesha mstari wa kwanza tu, huku kaficha mingine kwa kiganja:

"Nimerudi, lakini siingii mpaka atoke mwenyewe."