Uliza Kabla Kodi Haijatoka Mfukoni

Mwaka juzi nilihamia Isyesye, hapa Mbeya, nikiwa na godoro, jiko la gesi na ndoo mbili. Chumba na sebule, choo ndani, bomba la maji uani. Kaka aliyenipokea alikuwa mpole, akanionyesha hadi pa kuanikia nguo. Nikampa kodi ya miezi sita mkononi. Mwezi wa tatu akaja dada yake, ameongozana na mjumbe. Baba yao alikuwa amefariki, mirathi haijafunguliwa, na ndugu wengine hawakujua kama nyumba imepangishwa. Nilihama masika hayajaisha. Kodi ya miezi iliyobaki sijarudishiwa hadi leo.

Naandika kwa sababu nawaona wadogo zetu wanaokuja kusoma MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha hapa Mbeya, na vijana wanaohamia kufanya biashara Mwanjelwa, wakipita njia ileile. Mtu anakagua chumba dakika tano, dalali anamwambia kuna mwingine anakuja saa kumi na hela yake, basi hela inatoka. Mimi naamini mpangaji ana nguvu siku moja tu, ile ya kabla hajalipa. Siku hiyo mwenye nyumba anapokea simu, anaahidi kubadilisha kitasa, anakubali kuongeza taa ya uani. Ukishamlipa miezi sita, wewe ndiye unayemtafuta.

Zamani kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984. Ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kodi ni makubaliano kati yako na mwenye nyumba. Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua hata upangaji wa mdomo, ilimradi muda wake hauzidi mwaka mmoja. Wengi wakisikia hivyo wanaona karatasi haina haja. Lakini mkigombana, maneno ya mdomo yanataka shahidi, na shahidi wako mara nyingi ni mpangaji mwenzako wa chumba cha pili, ambaye naye kodi yake inaisha mwezi ujao. Atathubutu kusema nini?

"Mwanangu, hapa tunaishi kama ndugu, mkataba wa nini?" Mama mmoja wa Uyole aliniambia hivyo, na alisema kwa upendo kabisa. Nikamjibu, "Ni kweli mama, ndiyo maana nataka tuandike, tusije tukakosana." Tukaandika ukurasa mmoja kwa kalamu, tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa akatugongea muhuri. Ndipo ninapoishi mpaka sasa.

Swali la kwanza lisiwe kodi ni shilingi ngapi. Liwe nyumba ni ya nani. Omba kuona hati au karatasi ya mauziano, kisha pita ofisi ya serikali ya mtaa uwaulize. Kama mwenyewe amefariki, uliza msimamizi wa mirathi ni nani, na uone barua aliyopewa na mahakama. Kuwa mtoto wa marehemu, hata mtoto wa kwanza, hakumfanyi mtu kuwa msimamizi. Kama anayekupokea ni shemeji au mlinzi, mwenye nyumba akiwa Dar es Salaam, ongea na mwenyewe kwa simu na utake maandishi kwamba amemruhusu kupokea kodi. Dalali mlipe cha kwake, ambacho kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, ila kodi ya nyumba usiipitishe mikononi mwake. Itume benki au kwa simu, jina linalotokea lilingane na lililo kwenye mkataba.

Kuhusu nyumba yenyewe, nina ombi moja kwa wanaotafuta chumba nyanda hizi: ukiweza, kikague mvua inanyesha. Mwezi wa saba kila nyumba ya Mbeya ni nzuri. Mwezi wa tatu ndipo utajua bati linavuja wapi na maji ya uani yanaelekea wapi. Ukikuta ukuta umepakwa rangi mpya sehemu ya chini tu, uliza kwa nini. Na tazama matundu ya hewa juu ya madirisha. Baridi ya Juni na Julai inawafanya watu wayazibe kwa matambara, halafu wanaingiza jiko la mkaa ndani walale nalo. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu wanalala wasiamke. Chumba kisicho na pa kupitishia hewa kiache, hata kama ni cha bei rahisi.

Umeme ndio unaoleta ugomvi mwingi kwenye nyumba za wapangaji wengi. Uliza kama LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, ni yako peke yako, na kama mnachangia, mnagawanaje: kwa chumba, kwa kichwa, au kwa mita ndogo? Mwenye friji na mwenye taa moja hawawezi kulipa sawa wakaishi kwa amani.

Halafu kuna jambo ambalo wapangaji wengi hulinyamazia. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo, ile inayokwenda serikalini, inakatwa kupitia LUKU, na tangu 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, yaani 18,000 kwa mwaka. Anayepaswa kuilipa ni mwenye nyumba. Anayenunua umeme ni wewe, kwa hiyo inakatwa kwenye hela yako. Kwa miezi sita ni shilingi 9,000. Mwombe azipunguze kwenye kodi ya chumba na muandike hivyo. Ni fedha ya kununulia mboga wiki nzima, na hakuna aibu kuidai.

Andikeni pia nani anatengeneza nini. Kwa nyumba yenye wapangaji kadhaa, Sheria ya Ardhi inamtaka mwenye nyumba atunze paa, kuta kubwa na mifereji mikuu, lakini fundi akiitwa saa mbili usiku mvua inamwagika kitandani, hakuna anayefungua kitabu cha sheria. Kitakachosaidia ni mstari mlioandika wenyewe. Notisi ya kuhama nayo iandikwe ni ya muda gani, kwa pande zote mbili.

Mkishindwana, anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa. Baraza la Kata tangu 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Shauri lenyewe linasikilizwa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukienda huko, chukua mkataba na risiti.

Jumapili iliyopita mdogo wangu anayesoma Iringa alinitumia picha ya mkataba wa chumba alichopata Kihesa. Majina yapo, namba ya LUKU ipo, notisi ni mwezi mmoja. Nikamuuliza bati likivuja nani anaita fundi. Hakujua. Nikamwambia hela abaki nayo kwanza, arudi kwa baba mwenye nyumba waongeze mstari huo.