Risasi ya shaba kwa wanyama wakubwa: faida yake na masharti yake

Kwa Kiswahili, madini na kile kinachotoka mtutuni vina jina moja: risasi. Kwa karne nyingi hakukuwa na haja ya kuvitenganisha. Sasa haja ipo, na mwindaji anayehamia vichwa vya shaba tupu (kichwa ni sehemu ya risasi inayoruka na kugonga) ajue anapata nini na anapoteza nini.

Hoja ya sumu ndiyo nzito kuliko zote, nami naiunga mkono bila kusita. Risasi ya kawaida ni madini laini yaliyovikwa koti jembamba la shaba. Ikigonga mfupa hupasuka na kutawanya chembe ambazo jicho la mchuna nyama halizioni, ila eksirei huzionyesha zimesambaa mbali na tundu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini hayo mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara, na ubongo wa mtoto ndio unaoumia zaidi. Utumbo unaoachwa porini nao huliwa na tai na tumbusi. Kondori wa California, tumbusi wakubwa wa Marekani, walibaki 22 tu mwaka 1982, na baada ya kurudishwa porini sumu hii ndiyo imewaua zaidi. Jimbo la California lilipiga marufuku risasi zenye madini hayo katika uwindaji wote kuanzia Julai 2019.

Lakini wapinzani wana hoja ambayo watetezi wa shaba huipita haraka mno. Shaba ni ngumu. Ili ncha yake ifunguke kama ua inahitaji kugonga kwa nguvu. Aina nyingi hudai kasi ya walau mita 550 hadi 600 kwa sekunde. Mnyama akiwa mbali sana, kichwa kilichopungua kasi hupenya kama sindano, naye hukimbia na jeraha jembamba, akafe taratibu mahali asipopatikana. Risasi laini ingeweza kufunguka hata kwa kasi hiyo ndogo. Jibu langu ni umbali: asiyeweza kusogea karibu, asifyatue.

Uzito pia una neno. Sentimita moja ya ujazo ya shaba ina gramu 8.96, ya madini ya risasi 11.34. Kwa uzito uleule kichwa cha shaba huwa kirefu zaidi, na mtutu ambao mifereji yake ya ndani inazunguka polepole unaweza kushindwa kukituliza hewani. Aliyezoea kichwa cha greni 180 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) kwenye bunduki ya .30-06, saizi maarufu ya risasi za kuwindia, aanze na cha shaba cha 150 au 165. Kasi itapanda, na hiyo ndiyo shaba inayoitaka.

Kwa nyati, anayepigwa karibu na mwenye mifupa mizito, shaba iko nyumbani. Mara nyingi hubaki na zaidi ya asilimia 95 ya uzito wake na kuchimba hadi ndani kabisa. Hapo hapo kuna hatari: inaweza kutokea upande wa pili na kumjeruhi mwingine kundini, kwa hiyo nyuma ya mlengwa pawe wazi.

Bei iko juu, ingawa safari moja ya uwindaji hutumia risasi chache. Gharama halisi iko kwenye mazoezi, na hapo wengi hubana matumizi vibaya: wanajizoeza kwa risasi laini, kisha wanaingia porini na za shaba, ilhali kutoka bunduki ileile mbili hizo mara nyingi hazitui mahali pamoja.