Watoto hawakuzoea haraka hivyo

Mwandishi wa makala moja anasema familia zilizohamia ng'ambo wakati wa korona zilipata taabu ya safari tu, kisha "watoto wakazoea haraka". Wangu hawakuzoea haraka.

Tuliondoka Mombasa kwenda Uingereza Juni 2021, mimi, mume wangu na watoto wawili, wa miaka 7 na 3. Kenya ilikuwa imewekwa kwenye orodha nyekundu ya Uingereza, yaani ya nchi zilizohesabiwa kuwa na hatari kubwa ya korona, tangu Aprili 9, kwa hiyo ilikuwa lazima tukae karantini hotelini siku 10 kwa gharama yetu: pauni 1,750 kwa mtu mzima wa kwanza, 650 kwa wa pili, 325 kwa mtoto mkubwa. Mdogo hakulipiwa. Akiba yote ya kuanzia maisha iliishia pale.

Dirisha halikufunguka. Chakula kiliachwa mlangoni kwenye mifuko ya karatasi, na yule mdogo akawa anakaa chini kwenye zulia, sikio mlangoni, akisubiri nyayo. Kila zikisikika anauliza, "Ni bibi?" Bibi yake tulimuaga Mombasa kwa mbali, barakoa usoni, bila hata kumkumbatia, kwa kuogopa kipimo kije na majibu mabaya tukose ndege.

Hata baada ya kuhamia nyumba yetu, kwa miezi kadhaa mtoto yule hakukubali mlango wa chumba chake ufungwe. Wazazi wenzangu mliopitia haya, waulizeni watoto wenu wanakumbuka nini. Wangu wa kwanza sasa ndiyo anaanza kunisimulia.