Muswada hukatwa na kushonwa kamatini

Bunge likiwa Dodoma, nyumba za wageni hujaa na michango ya wabunge husikika redioni hadi kwenye daladala. Wengi huamini sheria inatungwa pale ukumbini, kwenye ile "ndiyo" ya pamoja. Mimi naona kazi kubwa huwa imekwisha kabla ya hapo.

Muswada ukishasomwa mara ya kwanza, Spika huupeleka kwenye kamati ya kudumu ya sekta husika. Huko waziri hubanwa kwa maswali na wadau huitwa watoe maoni. Waziri akiridhika na hoja, huja na jedwali la marekebisho. Kusomwa mara ya pili kunapofika, mengi yameshakubaliwa, na Kamati ya Bunge Zima, yaani wabunge wote wakikaa kama kamati, hupita ibara kwa ibara, mara nyingi mbiombio.

Wanaotetea utaratibu huu wana hoja nzito. Wabunge mamia hawawezi kuchambua kifungu kimojakimoja kwa pamoja, na mbunge asiye mbele ya kamera ni rahisi zaidi kukubali kwamba alikosea. Chukua bima ya afya kwa wote: muswada ulifika bungeni mwaka 2022, ukaahirishwa, mashauriano yakaendelea, hasa kuhusu fedha za kuwagharamia wasio na uwezo, ukapitishwa Novemba 2023. Ucheleweshaji ule uliwaudhi wengi. Lakini bima isiyo na chanzo cha fedha ingemfaa nani?

Upande wa pili unaniuma zaidi. Julai 2017 sheria tatu za rasilimali na madini zilipitishwa kwa hati ya dharura, ile inayoruhusu muswada kuharakishwa. Serikali ilikuwa na sababu: mjadala wa makinikia, ule mchanga wenye madini uliosafirishwa nje, ulikuwa umewasha nchi nzima, na kulinda mali ya umma halikuwa jambo la kupuuzwa. Hata hivyo wadau walilalamikia muda mfupi mno wa kusoma miswada mizito kiasi kile. Dharura ikiingia, hatua ya kwanza kubanwa ni ile ya kusikiliza watu.

Na hata muda ukiwepo, anayefika ni nani? Kampuni yenye mawakili hufika. Mfugaji wa Chemba au mkulima wa zabibu wa Hombolo yuko karibu na Bunge kuliko mawakili wa Dar es Salaam, ila tangazo la wito halimfikii. Treni ya SGR iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 imerahisisha safari kwa wenye nauli. Yeye bado hajui kuna kikao. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria yamemfungulia mlango, maana sasa muswada anaweza kuusoma mwenyewe.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka kila kitu kihamie ukumbini. Kamati zibaki na uzito wake, hati ya dharura itumike kwa dharura ya kweli, na muswada wa mifugo ukija, kamati ipande gari iende Chemba mnadani, siku ya mnada, ikae na wafugaji.