Mradi wa Miaka Mitatu, Mnyoo wa Miaka Sita

Mama mmoja mgawa dawa za matende na mabusha, huko Muheza mkoani Tanga, ana fimbo nyuma ya mlango wake iliyopakwa alama za rangi. Unasimama wima, fimbo inawekwa mgongoni, na pale kichwa chako kinapofika ndipo panapomwambia umeze vidonge vingapi vya ivermektini. Mtoto wa sentimita 90 anapewa kimoja, mtu mzima mrefu vinne. Asiyefika alama ya kwanza anaachwa. Mizani haihitajiki, daktari hahitajiki.

Nilifuatana naye siku moja ya ugawaji. Alitoka saa kumi na mbili asubuhi ili awakute watu kabla hawajaingia kwenye michungwa, akarudi jua limezama, na bado nyumba kumi na moja zilikuwa zimeandikwa "hawapo" kwenye daftari. Kesho yake alizirudia zote. Shirika la hisani lililomfundisha lilimpa fimbo, fulana na posho ya siku za kazi. Mradi ulipofungwa, fimbo na fulana vilibaki.

Tangu hapo kijijini kuna ubishi ambao nimeusikia hata Tanga mjini. Wapo wanaosema mashirika haya yametuharibia moyo wa kujitolea kwa posho zao. Wapo wanaosema bila wao tungekuwa tunaficha mabusha ndani ya vikoi mpaka leo.

Hao wa kwanza wana ushahidi wao. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, na wakitoka hapo walikwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Hakuna aliyesaini karatasi ya nauli. Leo ukiitisha mkutano wa afya, swali la kwanza ni la posho. Hilo ni kweli na linauma. Lakini mwaka ule kila mtu alichimba choo chake mwenyewe, na vipindi vile vya redio vilikwisha baada ya wiki chache. Huyu mama tunamtaka azunguke kwenye nyumba za wenzake, mwaka baada ya mwaka, huku meza yake ya vitumbua imefunikwa turubai. Kazi hizo mbili sioni zinavyolingana.

Hao wa pili nao nawaelewa. Matende na mabusha huletwa na minyoo inayosambazwa na mbu, na pwani yetu imeteseka nayo vizazi kwa vizazi. Ivermektini na albendazole zinazogawiwa zinatolewa bure na watengenezaji wake, kampuni za Merck na GSK, na Tanzania ilianza kuzigawa kisiwani Mafia mwaka 2000. Fedha za hisani zimelipia pia kambi za upasuaji wa mabusha. Mwanamume aliyekuwa haendi msikitini wala baharini kwa aibu anafanyiwa upasuaji usio mkubwa, na baada ya wiki kadhaa yuko kwenye ngalawa yake. Mwenye kubeza jambo hilo hajawahi kuishi na mgonjwa wa busha nyumbani.

Ila mnyoo mkubwa wa ugonjwa huu huishi mwilini miaka sita hadi minane. Dawa huua hasa vijiminyoo vichanga vilivyomo kwenye damu. Wale wakubwa hubaki na kuendelea kuzaa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka ugawaji wa kila mwaka kwa miaka isiyopungua mitano, na kila mara wameze angalau asilimia 65 ya watu wote. Sasa mfadhili anakuja na mkataba wa miaka mitatu. Mnyoo atakuwepo siku ya kufunga mradi, na atakuwepo baada yake.

Kwa hiyo mimi nalitazama jambo hili kutoka upande wa miguu ya yule mama. Dawa ni bure, miguu yake si bure. Na gari la mradi haliwezi kushika nafasi ya miguu hiyo, maana watu humeza dawa kwa kumwamini anayeigawa. Mwaka 2008 kule Morogoro ugawaji wa dawa za kichocho shuleni ulizua vurugu kwa uvumi wa madhara, na pwani nako wapo wanaoamini vidonge hivi vinafunga uzazi. Siku ile nilipofuatana na mgawa dawa, bibi mmoja alisimama mlangoni akamwambia, "Mwanangu, meza wewe kwanza." Mgawa dawa alikuwa amebakiza dozi yake mwenyewe kwa ajili ya nyumba kama hiyo. Akasema, "Haya mama," akameza. Bibi akaita wajukuu.

Ningependa alipwe, tena kutoka mfuko usiohama. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano, na wa kulipwa. Ni hatua njema. Mwaka uliofuata Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, tukaona jinsi kazi inavyokatika katikati. Najua watu wanavyohofia fedha za halmashauri: huchelewa, wakati shirika hulipa kwa tarehe. Hofu hiyo si ya bure. Lakini kama sheria imeweza kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, fungu dogo la wagawa dawa haliwezi kutushinda.

Shirika nalo lipitishe posho yake kwenye daftari la kijiji tangu mwezi wa kwanza, si kwenye bahasha zake, na kila mwaka lipunguze sehemu yake huku halmashauri ikiongeza. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu. Hapo, kabla ya mwenyekiti kugonga muhuri, mtu asimame aulize: mwaka wa nne huyu mama atalipwa na nani?