Faini ya kulala kwangu

Jamani mimi nimewahi kupigwa faini kwa kulala. Siyo kulala kazini wala kulala barabarani, kulala kwangu, kitandani kwangu, Jumamosi. Dola 55 za Australia. Kwa hela ya kwetu wakati ule ilikuwa inakaribia elfu tisini, kwa elfu tisini Tanga si nalala na gesti na chai ya asubuhi juu.

Ilikuwa Machi 2019, huku Sydney, Australia, uchaguzi wa jimbo la New South Wales, na huku kupiga kura ni lazima. Na hapa niseme mapema maana watu wa nyumbani mnachanganya, mkisikia jimbo mnadhani jimbo la mbunge kama Muheza au Pangani. Huku jimbo ni linchi lizima, lina waziri mkuu wake mbali na yule wa taifa, lenyewe ndo linaangalia mashule, hospitali, mapolisi na matreni, af ndani yake ndo kuna majimbo madogo ya wabunge 93. Sa mtu umetoka shift ya usiku utaanza kuhesabu wabunge 93?

Chanzo cha yote ni kadi ya mpiga kura. Siku tunaapa uraia pale ukumbini tulipewa cheti, mche wa mti kwenye kopo, na fomu ya kujiandikisha kupiga kura. Nikajaza kwa mbwembwe, maana nchi yetu uraia pacha haina, nikishaapa huku kule nimeshafutwa, nisipojaza hii ntakuwa mtu wa wapi mimi. Fomu moja tu hiyohiyo inakuweka kwenye daftari la uchaguzi wa taifa, wa jimbo, mpaka wa halmashauri. Mche ulikauka baada ya wiki mbili. Jina langu kwenye daftari halijakauka mpaka leo.

Basi nikatulia nasubiri kadi. Si unajua kwetu bana, kabla mambo ya vitambulisho vya taifa vya NIDA hayajakolea, nusu ya mtaa walikuwa wanapanga foleni kujiandikisha shida yao siyo kura, shida yao kadi, unasajilia laini, unadhaminia mtu, unakopea. Ukipoteza kadi ya mpiga kura unalia kama umepoteza ng'ombe. Kwa hiyo mimi nasubiri. Mwezi ukapita, miezi, kadi hola. Nikasema basi hawa wameninyima, uchaguzi ukafika nikavuta shuka.

Kumbe kadi haipo! Haipo kabisa jamani, hawana kadi! Ikaja barua ya serikali inasema haujaonekana umepiga kura, eleza sababu au lipa dola 55. Nikaandika sababu yangu vizuri kwa mwandiko wa shule ya msingi, "sikuletewa kadi". Haikukubalika. Mama watoto alicheka mpaka akakaa chini.

Nikasema sawa, yaishe, nijifute kwenye daftari kabla hawajanifilisi. Binti yangu akaniangalia kwa huruma, baba, kujiandikisha nako ni lazima, kila raia wa miaka 18 na kuendelea. Yeye mwenyewe ana 16 na ameshajiandikisha, wanaruhusiwa kuanzia hiyo umri ila kura watapiga wakifika 18. Hebu ona. Mi nikiwa na 16 nilikuwa nakimbizwa na wenye maembe yao. Na haya mambo ya lazima hawajaanza jana, Queensland walianza 1915 kwenye uchaguzi wa jimbo lao, taifa zima likafuata 1924. Wamezoea, hawaoni ajabu, hapa ajabu naona peke yangu.

Af tukahama nyumba. Ukihama ukakaa mwezi unatakiwa ubadilishe anwani, na mimi kama kawaida ningesahau ila binti akanyang'anya simu, akaomba leseni ya gari, akabofya bofya, chai haijapoa kashamaliza. Nikamuuliza sasa kadi? Akanirudishia simu bila kujibu.

Machi 25, 2023, siku yenyewe. Safari hii nimejipanga, bahasha ya kaki ina pasipoti, leseni, cheti cha uraia, bili ya umeme, na cheti cha ndoa, cha ndoa sijui nilikibebea nini ila nilikibeba. Vituo vinafunguliwa saa mbili asubuhi, mi nimefika saa kumi na mbili kasoro kama tulivyozoea, ili nipate foleni ya mbele. Nikakuta paka. Foleni ni mimi na paka.

Watu wanaanza kuja saa tatu saa nne huko, na wanavyokuja sasa! Kijana na kaptula ya kuogelea, miguu peku, mchanga bado umemganda. Mama na mbwa wawili. Mimi peke yangu ndo nina koti na bahasha, wananipisha wanadhani ndo msimamizi. Getini watu wa vyama wanagawa vikaratasi vya kukuelekeza upange vipi namba zako, maana huku hautii tiki, unawapanga wagombea kwa namba, nikachukua vyote nisionekane nina upande, nikaingia nimejaa makaratasi kama fundi cherehani.

Dada wa mezani akaniuliza jina, akaniuliza anwani, akalitafuta akaliona. Mi nishafungua bahasha natandaza mezani kimoja kimoja, akasema havihitajiki. Havihitajiki! Kisha akaniuliza swali ambalo mpaka leo linaninyima usingizi, "Umeshapiga kura kwenye uchaguzi huu?" Sa jamani hilo nalo swali? Hivi kuna mwizi atajibu ndiyo dada nimeshapiga, nimekuja kurudia? Nikajibu hapana, akaamini! Nikanyoosha kidole nipakwe wino. Akakitazama kidole, na mimi nikakitazama, tukatazamana. Wino hakuna. Nikajifanya naonyesha dirisha.

Karatasi ni mbili. Ndogo ya mbunge haina shida, unaandika 1 kwa unayemtaka, ukipenda unaendelea 2, 3, usipopenda unaachia hapo. Ila usichanganye na uchaguzi wa taifa, ule wa mbunge unajaza namba kila kisanduku. Kubwa sasa, ya bunge la juu, hiyo ni mkeka. Na hapo eti wamepunguza, 1999 ilikuwa na wagombea 264, karatasi upana wake mita nzima kwa sentimita 70, wenyewe wakaiita kitambaa cha meza. Kuna mstari katikati, juu yake unaandika 1 kwa kundi la chama, umemaliza, nenda nyumbani. Chini ya mstari unachagua mtu mmoja mmoja, wasipungue 15.

Mjinga mimi nikaenda chini. Nikasema nimelipa dola 55 lazima nizitumie. Kibanda chenyewe cha boksi, sanduku la kura boksi, ukiegemea vibaya unaondoka na tume nzima. Nikafika 9, nikapoteza hesabu, nikaandika 9 nyingine. Uchaguzi umeangukia Ramadhani, ndo kwanza tumeanza mfungo, kichwa chepesi. Nikarudi na aibu yangu, ila wakanibadilishia karatasi bila hata kunisonya. Safari hii nikaandika 1 juu ya mstari mbio mbio.

Ila haya yote si kitu. Nje, kwenye uwanja wa shule, wazazi wana jiko la kuchoma soseji, wanachangisha hela za shule, mkate, soseji, na vitunguu vimekaangwa mpaka vimekuwa rangi ya dhahabu. Ndo mila yao, bila hiyo soseji wanaona hawajapiga kura, jina lake soseji ya demokrasia, mwaka 2016 wataalamu wao wa kamusi wakalifanya neno la mwaka. Na walikuwa na halali pembeni, jiko lake peke yake! Nimesimama pale na bahasha yangu, harufu inanipitia kama jini. Kituo kinafungwa saa kumi na mbili jioni, Magharibi ni saa moja na dakika. Nimepiga hesabu mbele nyuma, haikubali. Jioni nikafuturu uji.

Mwingine ni Machi 2027. Nimeshaangalia kalenda, Idi itakuwa imepita. Juzi binti ananiuliza baba safari hii utampa nani, nikamwambia sijui nani anagombea ila mimi msimamo wangu ninao, halali mbili, vitunguu vingi.